Wimbo Wangu Si Binti wa Kuozwa

Mimi ni mtu wa darasa la pili. Nasema mapema ili anayetaka Kiswahili cha kunyoosha kwa pasi akatafute kwingine. Darasa la tatu nililisomea kwenye malisho ya Mabira, nikichunga ng'ombe wa watu, na mshahara wangu ulikuwa ndama jike mmoja, tena nilimpata ndevu zimeshaanza kuota. Kutoka kwa ndama yule nikapata zizi. Kutoka kwenye zizi nikapata shamba la migomba na kahawa huku Ihembe, nyumba ya matofali ya kuchoma, na watoto waliosoma mpaka wakaanza kunisahihisha ninavyoongea. Sikurithi hata jembe. Kila kitu unachokiona uwanjani kwangu nimekitia mkono mwenyewe, hata enanga.

Enanga ni kinanda chetu cha ubao. Kimechongwa kama karai refu, na uzi mmoja unakwenda na kurudi juu yake mpaka unakuwa nyuzi nane. Unakilaza mapajani, unakipiga kwa vidole, na mdomo unasimulia. Hakuna aliyenifundisha. Nilimsikiliza mzee mmoja aliyekuwa akipigia watu kwenye pombe, nikaenda kuchonga changu, kikatoka kibaya, nikachonga kingine. Cha tatu ndicho ninacho mpaka leo.

Wimbo ninaotaka kuuzungumza niliutunga siku niliyomleta nyumbani yule ndama wangu. Tulitembea naye kutoka Mabira, mimi mbele, yeye nyuma, na mwendo wa kwato zake ukaniingia kichwani. Nilipofika, kabla sijala, nikachukua enanga nikaupiga ule mwendo. Hauna maneno mengi. Unasema tu kwamba huyu anayekuja anatembea kwa miguu yake na hakubebwa na mtu. Watu wakaupenda. Mwisho ukawa wimbo wa kumwingiza bwana harusi. Karagwe hii na Kyerwa yote, ukinialika harusini, bwana harusi haingii mpaka niupige. Wapo walioniambia kwamba bila wimbo ule wasingejiona wameoa.

Sasa, hapo si mbali sana, nilipiga kwenye harusi moja Songambele. Siku chache baadaye bodaboda ikaingia uwanjani kwangu, akashuka binti mmoja, suruali, begi mgongoni, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umetoka wapi na vumbi lote hilo?"

"Kayanga, babu. Lakini kazi zangu ziko Arusha. Nilikuwa kwenye ile harusi ya Songambele, upande wa bwana harusi, rafiki yangu wa Arusha. Nimekuja kwa ajili ya ule wimbo."

"Umeukuta. Haya?"

Akatoa simu akanionyesha. Yeye na wenzake wawili wanatengeneza gemu, michezo ile ya kwenye simu inayowafanya vijana wasisikie wakiitwa kula. Yao ilikuwa ya mchungaji anayevuka vilima na ng'ombe wake, anatafuta maji, anakwepa chui, anafika nyumbani. Nikaangalia. Vilima vilikuwa vyetu kabisa. Ng'ombe walikuwa na pembe ndefu, nzuri.

"Ng'ombe wako wanatembea kama mbuzi," nikamwambia.

Mke wangu alikuwa anamenya ndizi pale mlangoni. Akasema, "Mzee, mwache mtoto wa watu anywe maji kwanza, ndiyo umtukanie ng'ombe."

Binti akacheka, hakukasirika, na hapo nikaanza kumpenda. Akasema, "Ni kweli babu, tutawarekebisha. Ila gemu yetu haina muziki. Tulitafuta kwenye mtandao, tukapata nyimbo za bei rahisi za watu ambao hawajawahi kuona ng'ombe. Niliposikia wako nikasema huu ndio. Nataka tuandikiane mkataba, utupe haki ya kuutumia."

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Huna ndugu?"

"Ninao, babu, ila wako mbali."

"Basi rudi ukatafute mtu wa kukusemea. Kwangu kitu cha maana hakiombwi kama chumvi, mtu mmoja, mlangoni, begi bado liko mgongoni. Njoo na mshenga, njoo na kibuyu, tukae, tuzungumze."

Nilisema vile kwa sababu ya heshima yangu, sikatai. Miaka yote watu walikuwa wanaurekodi wimbo ule kwa simu zao, wanaupiga kwenye maspika, hakuna aliyewahi kuniuliza hata kwa kikohozi. Leo amekuja mtu kuuliza. Nikataka aulize mbele ya watu, Ihembe yote isikie kwamba wimbo wangu umekuja kuombwa kutoka Arusha.

Binti yule hakuwa na mtu wa kumsemea huku. Akaenda kumtafuta mwenye duka aliyemuuzia maji Kayanga, na bahati yake, mwenye duka yule ni rafiki yangu wa zamani. Ni Mwislamu, babu zake walitoka pwani, anauza mabati na vitenge na ananunua kahawa. Kiswahili chake ni cha kuzaliwa nacho, na hajaacha kunikumbusha. Kila nikiingia dukani kwake ananiambia, "Karibu mshamba," nami namjibu, "Asante mlanguzi." Ndivyo tunavyosalimiana.

Jumapili baada ya ibada wakaja. Rafiki yangu amevaa kanzu, amejipaka mafuta mazuri, anatembea polepole kama anayekwenda kuposa mtoto wa mfalme. Binti nyuma yake amejifunga kitenge juu ya suruali. Bodaboda amebeba kibuyu. Majirani walikuwa wamejaa uwanjani, maana nilikuwa nimehakikisha wanajua. Mke wangu akapitisha kahawa ya kutafuna, kila mtu akachukua punje zake, tukatafuna, tukaulizana habari za mvua.

Rafiki yangu akasimama. "Wazee, sisi ni wapita njia. Tulipita karibu na zizi hili tukasikia sauti. Tukasema sauti hii haiwezi kukosa mwenyewe. Tumekuja kuuliza."

"Mwenyewe ni mimi."

"Tunaiomba, mzee."

"Mnaiomba kwa nini?"

"Kwa adabu, na kwa hiki." Akaweka kibuyu mbele yangu.

Nikakichukua, nikanywa, nikampa mke wangu, naye akanywa. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa pale kama mtu aliyejengewa sanamu yake. Nikasema, "Haya, someni karatasi yenu."

Hapo ndipo nilipotanguliza mkokoteni mbele ya maksai. Kwetu baba akishanywa kibuyu cha posa, amekubali. Hayo mengine ni kupanga tu siku. Na mimi nilikuwa nimekunywa kabla ya kusikia hata mstari mmoja.

Binti akasoma. Alisoma vizuri, kwa sauti, akifafanua. Akafika mahali palipoandikwa kwamba gemu yao itapata haki ya pekee na ya kudumu ya wimbo huo, duniani kote.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Dunia yote? Na Mabira imo?"

"Imo, babu."

"Na Songambele?"

"Imo."

"Na uwanja wangu huu?"

Akaangalia karatasi, akaniangalia mimi. Hakudanganya, nampa sifa yake. "Kwa jinsi ilivyoandikwa, babu, nao umo."

"Yaani nikikaa kwenye kiti changu, mbele ya nyumba yangu, nikapiga wimbo wangu, nitakuwa nimekuibia wewe."

"Si kwamba tungekuja kukukamata..."

"Sijauliza kama mtakuja. Nimeuliza kama nitakuwa nimeiba."

"Ndiyo," akasema polepole. "Kwa karatasi hii, ndiyo."

Nikasema, "Basi hakuna wimbo. Chukueni karatasi yenu."

Pana jirani yangu mmoja, mzee kunizidi, ambaye anajua mila kuliko anavyojua shamba lake, na shamba lake linaonyesha. Akainua fimbo. "Hapana. Umekunywa. Kibuyu kikishagusa mdomo wa baba, binti hana kwao tena. Sisi hatujawahi kuona mtu amekunywa akakataa. Ukikataa leo, kesho nani atakuja kuposa kwenye boma hili? Una wajukuu wa kike."

Wazee wengine wakatikisa vichwa. Rafiki yangu wa duka naye akaninong'oneza, "Mshamba wewe, nani alikutuma kufanya harusi? Ungesaini tu kama watu."

Hapo hapakuwa na mchezo. Nikiisaini karatasi ile, wimbo wangu umekwenda, na siku nikialikwa harusini bwana harusi ataingia kwa wimbo mwingine, kama mtu aliyebebwa. Nikikataa, mimi ni mzee aliyekunywa kibuyu cha watu akala maneno yake. Nimejijenga kutoka kwa ndama mmoja, na kitu kilichonijenga ni kwamba nikisema nimesema.

Mke wangu akasimama akafunga kanga vizuri. Nikajua anakuja na jambo.

"Wazee waitu, wazee wetu, niulize kitu. Mmeonja kilichomo humu kibuyuni?"

Hakuna aliyekuwa ameonja zaidi yetu wawili.

"Hii si rubisi, hii si pombe. Ni maji ya ndizi matamu, yamekamuliwa tu, hayajatiwa mtama, hayajachacha. Mshenga wetu ni Mwislamu, hawezi kubeba pombe. Sasa posa gani hii ya maji ya ndizi? Mtoto wa nani aliwahi kuozwa kwa kinywaji cha watoto?"

Watu wakaangua kicheko. Rafiki yangu akajishika kifua. "Wallahi mama umenitoa! Mimi nilisema kilevi sishiki, niliomba wanitilie kitamu." Yule mzee wa mila akaomba kibuyu, akaonja, akakunja uso, akasema, "Kweli. Hii haijafunga kitu." Na mlango ukafunguka pale mbele yangu, mpana, nikaambiwa nipite.

Sikupita.

Nilimwambia mke wangu akae, nikamshukuru, na nikasema mbele ya wote: "Mimi nimekunywa nikijua nakunywa nini kwa maana, hata kama ulimi ulionja kingine. Sitasema niliokolewa na utamu. Nimekunywa na nimekubali. Swali ni nimekubali nini."

Nikamgeukia yule yule mzee wa mila. "Jirani, wale ndama wako watatu wenye mabaka ni wa nani?"

"Wangu."

"Baba yao ni nani?"

"Dume lako, nani asiyejua?"

"Ulipokuja kuliomba dume ulikuja na nini?"

"Na kibuyu cha rubisi."

"Nikakinywa?"

"Ukakimaliza."

"Dume likarudi kwangu, halikurudi?"

"Lilirudi," akasema, "limekonda."

Nadhani walisikia kicheko kile mpaka barabarani. Nikangoja kiishe. Nikasema, "Sasa hapa uwanjani kuna nani ambaye hakuja na kibuyu kwa ajili ya dume lile? Nusu ya ndama wa Ihembe ni wake. Nilikunywa kwa kila mmoja wenu, na kila mmoja akapata ndama, ndama ni wake, siendi kumdai maziwa. Lakini dume linalala kwenye zizi langu. Wimbo wangu si binti wa kuozwa. Binti akitoka ametoka, ana mume mmoja. Wimbo wangu ni dume. Nimekunywa kibuyu cha dume, na kwa kibuyu hicho nakupa, binti. Upate ndama wako. Gemu ni yako, faida yake ni yako, ukiuza Uchina uza. Ila wimbo jioni unarudi kulala kwangu."

Yule mzee akafikiri, akachora mchanga kwa fimbo yake. "Hapo," akasema, "mila haikukatazi."

Lakini binti alikuwa na swali. Nilimpenda zaidi kwa hilo. Alikuja akapiga magoti kidogo mbele yangu, akasema, "Babu, naomba niulize kuhusu dume. Mimi na wenzangu tumehangaika na gemu hii, tumeiuzia vitu vyetu. Tukiitoa na wimbo wako, watu wakaupenda, kesho akija tajiri mwenye gemu kubwa naye akakuletea kibuyu, utampa?"

"Akija vizuri, kwa nini nisimpe?"

"Basi watu watasikia wimbo ule ule kwenye gemu ya tajiri, watasema sisi ndio tumeiga. Ndama wetu atazaliwa amekufa."

Rafiki yangu wa duka akasema, "Hapo amekukamata, mshamba."

Alikuwa amenikamata kweli. Dume likiwa kwa jirani hulipeleki kwa mwingine siku hiyo hiyo. Kila mfugaji anajua hilo. Linakaa pale mpaka kazi iishe. Nikamwambia, "Umesema. Kwa magemu, halitakwenda kwingine mpaka misimu mitatu ya kahawa ipite. Ikishapita, mwingine akija ataulizwa kama wewe ulivyoulizwa. Kwa harusi, kwa misiba, kwa pombe, kwa kiti changu hiki, sihitaji kuomba ruhusa kwa mtu yeyote, ni langu. Na mahali panapoandikwa waliofanya kazi, jina langu liandikwe, si 'muziki wa asili'. Asili hiyo ina jina na ina meno machache, lakini ipo."

Akapigia wenzake simu kule pembeni kwenye mikeka ya kahawa, mahali ambapo mtandao unashika. Alizungumza sana, mkono hewani. Mara mbili nilimsikia anasema "dume" na mara mbili nilisikia watu wa Arusha wanacheka kwenye simu. Akarudi akasema wamekubali. Wakaandika upya, karatasi ikachapishwa Kayanga, nikaisaini kwa herufi zangu mwenyewe, kubwa, zilizojaza mstari wangu na kuingia mstari wa mshenga. Malipo tulielewana, wewe hayakuhusu, na hata leo hayakuhusu. Na kibuyu cha pili, chenye mtama ndani safari hii, alikileta bodaboda peke yake, mshenga akiwa amesimama mbali anaangalia miti.

Kurekodi tulirekodia kwenye ghala la rafiki yangu. Binti alitembea Kayanga nzima anapiga makofi ndani ya vyumba vya watu, anasikiliza, anatikisa kichwa. Alipoingia ghalani kwenye magunia ya kahawa ya maganda yaliyopangwa mpaka darini, akapiga kofi moja na kofi halikurudi, halina mwangwi. Akasema hapa. Nikakaa kwenye gunia, enanga mapajani, vipaza sauti viwili mbele yangu kama midomo ya samaki.

Akanieleza kwamba gemu haina saa. Mtu anaweza kukaa kwenye kilima kimoja muda anaotaka, kwa hiyo muziki lazima uweze kuzunguka, mwisho wake ushikane na mwanzo, masikio yasijue pameungwa wapi. Hilo halikunisumbua, mwendo wa ng'ombe hauna mwisho mpaka ufike. Kilichonitoa jasho ni alipotaka kipande cha chui. Wimbo wangu haukuwa na chui. Nilikaa na enanga yangu siku nzima nikakikosa, nikamtukana chui, nikamtukana yeye, nikarudi nyumbani. Kesho yake nikaupiga ule ule mwendo lakini nikaurukisha, kama ng'ombe anavyokanyaga akinusa kitu kibaya majanini, mguu unakwenda halafu unasita. Binti akavua vile vitu vya masikioni akasema, "Babu, nywele zimenisimama." Rafiki yangu akasema hata kahawa yake imesimama.

Gemu ikatoka. Mjukuu wangu mmoja wa Mwanza alinipigia simu anapiga kelele kwamba amesikia enanga yangu kwenye basi, kwa kijana asiyemjua. Mimi sichezi, vidole vyangu vinene, mchungaji anatumbukia mtoni kila nikigusa. Ila nimeona jina langu. Linakuja mwanzo kabisa, jeupe, juu ya kilima, na linakaa kidogo kabla ya kupotea.

Juzi nikaitwa harusini Mabira. Nikakaa mahali pangu karibu na lango, nikajaribu nyuzi, nikasikia honi za gari la bwana harusi kule chini, nikaanza. Sikufika mbali. Kundi la vijana waliokuwa kwenye turubai wakasimama, wanachekeana, mmoja anapaza sauti: "Oya, mzee anapiga ule wa gemu!"

Mshereheshaji, kijana mwenye suti inayong'aa kama samaki, akaja na kipaza sauti chake mpaka mdomoni kwangu. "Mzee wetu shikamoo! Kumbe na wewe unacheza gemu?"

"Marahaba. Sichezi."

"Sasa wimbo wa gemu umeupata wapi?"

"Gemu imeupata kwangu."

Turubai zima likacheka, lilidhani natania. Mshereheshaji akanogewa. "Ee! Na hawa wenye gemu wanajua unaupiga hapa? Tusije tukafungwa sote kabla ya kula pilau! Una ruhusa, babu?"

"Hebu fungua hiyo gemu," nikamwambia. "Mbele ya watu."

Kijana mmoja alikuwa nayo, akafungua, akamsogezea. Mshereheshaji akasoma jina kwa kipaza sauti, lote, polepole, kama mtu anayesoma aliyefaulu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, bila kujua kipaza sauti bado kinasikika, "Ni wewe?"

Mama mmoja kule nyuma akajibu kabla yangu: "Ni yeye, mpumbavu wewe! Baba yako aliingia kwa wimbo huo huo."

Wakati huo gari la bwana harusi lilikuwa limeshafika. Bwana harusi alisimama langoni na wapambe wake, suti, maua, jasho, anaangaza macho kwa sababu muziki ulikuwa umekatika na hakuna aliyethubutu kumwambia apite. Mkono wa mshereheshaji ulikuwa hewani, naye ananiangalia mimi. Watu wote walikuwa wananiangalia mimi.

Nikawaacha wasimame kidogo. Nikakaza uzi mmoja uliokuwa umelegea. Kisha nikaanza upya, toka mwanzo, na bwana harusi akaingia kwa miguu yake.